Tuziweke Wapi Hesabu za Mvua Yetu?

Mtu wa Isevya akiulizwa mvua ya msimu uliopita ilikuwaje, hujibu pale pale. Atasema ilichelewa, au iliwahi, au ilinyesha siku tatu mfululizo hata ukuta wa jirani ukaanguka. Akiulizwa juu ya mvua ya mwaka 1961, hana budi kumtafuta mzee. Na mzee atasema kuwa mwaka ule mvua ilipita kiasi, wala hatakosea, kwa maana mwishoni mwa mwaka 1961 sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilipatwa na mafuriko. Lakini ilipita kiasi gani? Ilinyesha siku ngapi? Ilianza lini, ikakatika lini? Hapo kumbukumbu ya binadamu hukoma, na hapo ndipo tunapotaka kuanza maneno yetu ya leo.

Twataka kusema juu ya namna hesabu za mvua, na hesabu nyingine za sayansi zilizo kama hizo, zinavyowekwa katika mafaili ya kompyuta. Twajua wako wasomaji watakaodhani kuwa jambo hili ni la mabwana wa maabara, na kwamba ukurasa huu ungefaa zaidi kuzungumzia bei ya tumbaku au mishahara. Bei ya tumbaku na mishahara tutaizungumza, kama tulivyozoea. Lakini mkulima wa Urambo hupanda tumbaku kwa kuitegemea mvua, na mfanyakazi wa reli hupata mshahara wake treni ikipita. Mwanzoni mwa mwaka 2010 treni za abiria kutoka Dar es Salaam hazikuweza kuja huku kwetu, kwa sababu mafuriko yalikuwa yamebomoa njia upande wa Kilosa na Mpwapwa. Mhandisi apimaye upana wa kalavati chini ya reli hupima kwa hesabu za mvua ya miaka mingi. Hesabu zikiwa chache au mbovu, kalavati huwa jembamba, na maji hayajali kwamba kosa lilikuwa katika karatasi.

Urambo yenyewe ina somo lake. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, mahali patatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Zililetwa trekta, vililetwa vifaru vilivyogeuzwa kuwa mitambo ya kung'olea visiki, waliletwa wataalamu. Kilichokosekana ni hesabu za kutosha za mvua ya mahali penyewe, hasa Kongwa, ambapo ardhi iligeuka kuwa ngumu kama sakafu wakati wa kiangazi na mvua haikuja kama ilivyotumainiwa. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, baada ya kula kiasi cha pauni milioni 36. Wenyeji wa Ugogo waliijua mvua yao. Lakini ujuzi wao haukuwa umeandikwa katika sura ambayo mtu wa London angeweza kuisoma, na mtu wa London hakuja kuwauliza.

Basi hesabu hizi hutoka wapi? Hutoka kwa mtu. Kipima mvua ni chombo duni kwa kukitazama: mdomo wa chuma ulio mviringo, faneli, na chupa ndani. Kila siku saa tatu asubuhi mpimaji hukiendea, huyamimina maji katika bilauri yenye alama, husoma, na huandika katika daftari. Hufanya hivyo Jumapili, hufanya hivyo siku ya Idi na siku ya Krismasi, hufanya hivyo hata mwezi wa Julai ambapo Tabora haina wingu lolote na jibu ni sifuri kila siku. Vituo vingi vya zamani viliwekwa kwenye boma, kwenye misheni, kwenye mashamba na kwenye stesheni za reli. Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1929, makao yake makuu yakiwa Nairobi, nayo ikahudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja pamoja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilishika njia yake. Idara yetu ikawa Wakala mwaka 1999, na mwaka 2019, kwa Sheria namba 2 ya mwaka huo, ikawa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Chuo cha kufundishia kazi hiyo kiko Kigoma, mwisho wa reli hii hii ipitayo Tabora.

Daftari la mpimaji lina safu moja tu ya namba zinazofuatana siku baada ya siku. Hilo ni rahisi, na mtoto wa darasa la nne aweza kulisoma. Taabu huanza tunapotaka kujua mvua ya nchi nzima, hata mahali pasipo na kipima mvua, napo ni pengi. Hapo huja msaada wa setilaiti. Yafaa ieleweke kuwa setilaiti za namna hii hazioni mvua. Huona ubaridi wa vichwa vya mawingu, na kwa ubaridi huo wataalamu hukisia mvua iliyonyesha chini. Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, kina hesabu za namna hiyo kwa Afrika tangu mwaka 1983, ziitwazo TAMSAT. Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Barbara, pamoja na idara ya Serikali ya Marekani ya jiolojia, wana nyingine ziitwazo CHIRPS, zinazoanza mwaka 1981. Nayo Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Hali ya Hewa na Jamii, ya Chuo Kikuu cha Columbia, imeshirikiana na idara za nchi mbalimbali za Afrika, ya kwetu ikiwamo, kuchanganya makisio ya setilaiti na namba za vipima mvua vyetu wenyewe, katika kazi iitwayo ENACTS. Makisio pasipo kipima mvua ni kama mizani isiyopigwa muhuri. Mtu wa saa tatu asubuhi ndiye anayeirekebisha setilaiti, wala si kinyume chake.

Sasa tufanye hesabu kidogo, na msomaji achukue kalamu akipenda. Tuikate ramani ya Tanzania katika viraba vidogo, kila kimoja kikiwa na upande wa nyuzi 0.05, yaani karibu kilomita tano na nusu. Tuanze longitudo 29.5 mashariki tuishie 40.5, na tuanze latitudo 1 kusini tuishie 12. Tutapata viraba 220 kutoka magharibi hadi mashariki, na 220 kutoka kaskazini hadi kusini, jumla 48,400. Kila kiraba kina mvua yake ya kila siku. Kuanzia mwaka 1981 hadi mwisho wa mwaka 2020 ni siku 14,610. Zidisha: namba 707,124,000. Hilo si jedwali tena, kwa maana jedwali lina pande mbili, mistari na safu. Hili ni kama sanduku: urefu, upana, na kina, na kina chake ni siku. Tukiongeza joto la hewa katika kimo mbalimbali juu ya ardhi, sanduku lapata upande wa nne ambao jicho haliwezi kuuona, lakini hesabu huukubali bila taabu.

Wako wanaosema, ya nini kujisumbua, tuziandike namba hizo katika Excel kama tunavyoandika orodha ya mishahara. Karatasi moja ya Excel haipokei zaidi ya mistari 1,048,576. Mvua yetu ingehitaji karatasi 675. Tena kila mstari ungelazimika kurudia kutaja longitudo, latitudo na tarehe kabla ya kutaja mvua yenyewe, yaani kuandika namba tatu ili kueleza ya nne. Katika sanduku hakuna haja hiyo. Huandikwa mara moja tu longitudo 220, latitudo 220 na tarehe 14,610, ambazo ni namba 15,050 kwa jumla. Baada ya hapo kila namba hujulikana kwa mahali ilipokaa, kama vile mtu anavyojulikana kwa namba ya nyumba yake. Mvua ya siku moja ikiandikwa kwa baiti nne, sanduku zima la miaka 40 ni kiasi cha baiti bilioni 2.8, nalo laingia katika flashi ndogo inayouzwa dukani.

Tuitafute Isevya ndani ya sanduku hilo. Tabora iko karibu na longitudo 32.8 na latitudo 5. Ukihesabu kutoka magharibi utaikuta karibu na kiraba cha 66, na kutoka kaskazini karibu na kiraba cha 80. Isevya na mitaa jirani huenda ikaingia yote katika kiraba kimoja au viwili, nasi twawaomba radhi wakazi wanaojua kuwa mvua yaweza kunyesha upande mmoja wa barabara na kuacha mwingine. Hata hivyo anwani imepatikana: 66, 80, na siku uitakayo.

Lakini hebu tufikiri faili hili limefika mkononi mwa kijana wa chuo bila maelezo, namba tupu tu. Huyo kijana hajui kama viraba vilihesabiwa kutoka kaskazini au kutoka kusini. Akihesabu 80 kutoka kusini, atafika latitudo 8, karibu na Ziwa Rukwa, na ataandika kwa kujiamini kuwa hiyo ndiyo mvua ya Isevya. Akichanganya upande upi watajwa kwanza, akachukua 80 kwa longitudo na 66 kwa latitudo, atatua kati ya Nzega na Igunga. Kompyuta haitampigia kelele, kwa kuwa kila mahali sandukuni pana namba, na namba zote zafanana na mvua. Kosa la namna hii ni baya kuliko faili kupotea, kwa sababu lililopotea hutafutwa.

Kuna makosa mengine ya jamaa hiyo. Madaftari ya wakati wa ukoloni yaliandika mvua kwa inchi, na ya leo huandika kwa milimita. Inchi moja ni milimita 25.4. Kituo kilichoandikwa 35 kwa mwaka, je, ni jangwa au ni mahali pa kulima mahindi? Inchi 35 ni milimita 889, na mahindi yatastawi. Milimita 35 hata mtama haustawi. Tena kuna siku ambayo mpimaji aliugua, au bilauri ilivunjika. Siku hiyo si sifuri. Sifuri maana yake ni kwamba mtu alikwenda, akatazama, akaona pakavu. Wenye kompyuta huijaza siku isiyopimwa kwa namba isiyowezekana, mathalani kasoro 999, ili ijulikane. Asiyeambiwa hivyo akizijumlisha zote pamoja, atapata mwaka wenye mvua chini ya sifuri, na hapo walau atashtuka. Lakini wako waliojaza sifuri. Kijiji ambacho mpimaji wake alilazwa hospitali Januari nzima huingia katika vitabu kama kijiji kilichopatwa na ukame, na hakuna wa kushtuka.

Kwa ajili ya taabu hizo wataalamu waliamua kuwa faili la hesabu lazima libebe maelezo yake lenyewe, ndani yake, yasiwe katika barua iliyobandikwa kando ikaanguka njiani. Shirika la Marekani la anga za juu, NASA, lilianza katika miaka ya 1980 kwa muundo uitwao CDF. Kutokana na wazo hilo, kituo cha Unidata mjini Boulder, Colorado, kilitengeneza muundo uitwao NetCDF, uliotolewa mwaka 1989. Wakati huo huo watu wa Chuo Kikuu cha Illinois walikuwa wakitengeneza wao HDF. Toleo lake la tano lilitoka mwaka 1998, na mwaka 2008 NetCDF ya nne ikajengwa juu ya msingi huo, hata miundo miwili ikawa kama ndugu wanaokaa nyumba moja. Shirika la Hali ya Hewa Duniani nalo lina muundo wake, GRIB, wa kupelekeana utabiri. Majina haya msomaji aweza kuyasahau. Asisahau kilicho ndani: mwanzoni mwa faili huandikwa pande zake ni ngapi na zinaitwaje, kila upande una urefu gani, namba ni za kitu gani, kipimo chake ni milimita au inchi, siku isiyopimwa imeandikwaje, na nani aliyezikusanya. Mtu wa Tabora, mtu wa Muscat na mtu wa Toronto wakilifungua faili hilo watasoma jambo lile lile. Hata majina ya vitu yamewekewa mapatano, ili huyu asiite mvua kwa jina moja na yule kwa jina jingine.

Twaipenda zaidi sehemu ya kufungasha, pengine kwa sababu mji huu ulikua kwa kazi hiyo. Wapagazi wa Kinyamwezi walipochukua bidhaa kati ya pwani na Unyanyembe, hakuna aliyebeba msafara mzima. Mali iligawanywa katika mitumba, kila mtumba kiasi cha ratili 60 hadi 70, na kiongozi aliyeijua kazi yake alijua shanga ziko kwa nani na merikani ziko kwa nani. Akihitaji shanga njiani, hakufungua mizigo yote. Basi faili kubwa nalo hukatwa hivyo hivyo. Sanduku letu likiwekwa ramani baada ya ramani, siku baada ya siku, atakaye kujua mvua ya Isevya kwa miaka 40 atapaswa kuzipitia ramani 14,610 na kuchukua namba moja kwa kila moja. Lakini likikatwa katika vifurushi vya viraba 20 kwa 20 na siku 365, kila kifurushi huwa na namba 146,000, na Isevya yote ya miaka 40 humo katika vifurushi 41. Badala ya kupita kwenye namba milioni 707, kompyuta husoma chini ya milioni 6. Mashine kuukuu ya shule ya sekondari yaweza kazi hiyo.

Hakuna kifurushi kisicho na bei yake. Mtu wa utabiri hataki miaka 40 ya mahali pamoja. Anataka nchi nzima kwa siku moja. Kwa ufungashaji huo itampasa kufungua vifurushi 121, avikunjue vyote, halafu atumie siku moja tu katika 365 ya kila kimoja. Kwa hiyo kabla ya kufunga mzigo lazima aulizwe atakayeufungua. Sisi twaona kuwa hapa pana siasa, japo wataalamu hawaiiti hivyo: faili lililofungwa kwa ajili ya ofisi kubwa huwa gumu kwa mtu mdogo wa wilayani, naye hana wa kumlalamikia kwa sababu hajui kwamba lingeweza kufungwa vingine. Anachoona ni kwamba mashine yake imekwama.

Vifurushi hivyo hukunjwa pia ili vichukue nafasi ndogo. Tabora kuanzia Juni hadi Septemba ni sifuri juu ya sifuri, na sifuri 100 zinazofuatana zaweza kuandikwa kwa neno moja kwamba ni sifuri mara 100. Kiangazi chetu, ambacho hatukisifu kwa kitu kingine chochote ila asali na maembe ya mwisho wake, chakunjika vizuri mno. Njia nyingine ya kupunguza ni kuandika milimita 12.3 kama 123 na kueleza mwanzoni kuwa kila namba igawanywe kwa 10. Ni njia nzuri maadamu maelezo na namba havitengani. Vikitengana, mvua ya Isevya huongezeka mara kumi, na twaona haya kufikiri ni kalavati za namna gani zitakazojengwa.

Msomaji asidhani kuwa mambo haya ni ya mvua tu. Mwaka 2017 wanasayansi wa nchi nyingi walitangaza matokeo ya kusoma chembe za urithi za mbu 765 wa malaria kutoka nchi nane za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, na wakapata mahali zaidi ya milioni 50 ambapo mbu mmoja hutofautiana na mwingine. Kila mbu ana nakala mbili, ya baba na ya mama. Zidisha milioni 50 kwa 765 kwa mbili, utapita bilioni 76. Sanduku hilo lilikuwa zito kwa vyombo vya zamani, hata Alistair Miles wa Oxford, aliyekuwa katika kazi hiyo, akaunda muundo mpya uitwao Zarr, ambao kila kifurushi huwekwa peke yake na watu wengi waweza kuvichukua vifurushi mbalimbali kwa wakati mmoja kupitia intaneti. Leo Zarr hutumiwa na watu wa hali ya hewa, na wa nyota, na wa hospitali. Mbu wa Afrika Mashariki, ambaye hatuna sababu ya kumpenda, amechangia katika ufundi wa dunia nzima.

Wala hatupaswi kudhani kuwa karatasi ni salama zaidi kwa kuwa twaizoea. David Livingstone, aliyekaa Kwihara karibu na Tabora mwaka 1872, alikuwa mwaka uliotangulia yuko Nyangwe, huko Manyema, akiwa ameishiwa karatasi na wino. Akaandika shajara yake juu ya gazeti kuukuu la Uingereza, kwa wino alioutengeneza kwa mbegu za mmea. Humo aliandika habari za mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871, na kwa miaka mingi kurasa hizo hazikusomeka, maana wino ulififia na chapa ya gazeti ikabaki. Ilipofika mwaka 2011, wataalamu walikuwa wamezipiga picha kwa mianga ya rangi nyingi, mingine isiyoonekana kwa macho, kisha wakazipanga picha hizo moja juu ya nyingine. Ukurasa mmoja ukawa sanduku la namba lenye urefu, upana na rangi za mwanga. Na kwa hesabu juu ya sanduku hilo maneno yalijitokeza tena. Picha zenyewe walizitoa bure pamoja na maelezo ya namna zilivyopigwa. Walifanya hivyo kwa mtu mmoja na gazeti moja. Hakuna atakayefanya hivyo kwa kila daftari la mvua lililoliwa na mchwa katika stoo ya wilaya.

Sasa twaja kwenye haja yetu. Kituo cha Ulaya cha utabiri kina hesabu ya hewa ya dunia nzima, saa kwa saa, kuanzia mwaka 1940. Huiita ERA5, na kompyuta zake ziko Bologna, Italia. Mtu yeyote aweza kuichukua, hata mtu wa Isevya mwenye intaneti. Ni jambo jema nasi twawashukuru. Lakini wako wenzetu wanaoanza kusema kuwa basi hakuna haja ya kuhangaika na madaftari yetu, kwani mvua yetu tayari iko Bologna na California. Hatukubaliani nao. Hesabu hiyo ina viraba vya kilomita 31. Ndani ya kiraba kimoja Isevya, Kwihara na Tumbi huwa kitu kimoja. Tena pale ambapo hapakupelekwa namba ya kipima mvua, dunia nzima inakisia, na makisio yakirudi kwetu katika faili zuri lenye maelezo safi tutayaamini kuliko macho yetu. Chama kilichokutana Tabora Januari 1958 kukata shauri gumu la kushiriki uchaguzi wa kura tatu kilikata shauri baada ya kupima hali kwa macho yake chenyewe.

Kwanza, madaftari ya zamani yaingizwe yote katika kompyuta, na picha za kurasa zihifadhiwe pamoja na namba, ili mwenye shaka aweze kurudi kwenye mwandiko wa mpimaji. Kazi hiyo inahitaji vijana wengi wenye subira, nao wapo mitaani wakitafuta ajira. Nakala zisikae jengo moja wala mji mmoja. Moja ikiwa Dar es Salaam, nyingine yaweza kukaa Kigoma chuoni. Muundo wa faili uwe ule ulio wazi, unaosomwa kwa programu huria, usiwe wa kampuni ambayo kesho yaweza kufunga duka na ufunguo wake.

Jambo la ada twalisema kwa uangalifu, kwa sababu Mamlaka ina gharama zake na mpimaji lazima alipwe. Mwezi wa Oktoba 2021 nchi wanachama wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani zilipitisha sera moja ya kubadilishana hesabu za msingi bure na bila masharti. Twaona kuwa kinachotolewa bure kwa dunia hakiwezi kuwa ghali kwa mwanafunzi wa Tabora. Kampuni ya bima inayotaka kuuza bima ya mazao, na mkandarasi wa barabara, walipe. Mwanafunzi, mwalimu na ofisi ya kijiji wasilipe. Na wanapopewa, wapewe faili lenye maelezo yake yote, lililofungashwa kwa ajili ya mtu anayetaka kujua mahali pamoja kwa miaka mingi, kwa kuwa huyo ndiye atakayetoka Isevya.

Mpimaji naye tusimwache nyuma. Mwalimu Nyerere alisoma shule ya Serikali hapa Tabora, na baada ya Makerere akafundisha St. Mary's kuanzia mwaka 1946. Mji huu haukosi shule. Shule yenye uwanja yaweza kuwa na kipima mvua na daftari, na mwanafunzi wa zamu wa saa tatu asubuhi. Walimu watakaoanza wahakikishe tu kuwa likizo haiandikwi sifuri.

Na kama yuko mwanachama, au padri, au karani mstaafu wa reli, ambaye katika sanduku la nyumbani au katika kabati la ofisi ana daftari kuukuu la mvua, lenye mistari ya inchi na jina la kituo hata kama kituo hakipo tena, twamsihi asiliuze kwa wafungaji wa karanga. Alipeleke kwa watu wa hali ya hewa kiwanja cha ndege, likapigwe picha na kurudishiwa. Afanye hivyo kabla ya Novemba, kwa maana mapaa mengi ya stoo zetu yanavuja.